Msiba huanzia mlangoni mwa wodi

Ukiingia wodi ya watoto wachanga mahututi, ukutani utakuta miongozo imebandikwa: namna ya kuanzisha oksijeni, namna ya kupima sukari, namna ya kukokotoa dozi kwa mtoto wa kilo moja na nusu. Mwongozo wa namna ya kumwambia mama kwamba mwanawe amefariki ni nadra kuuona. Jambo hilo limeachiwa moyo wa muuguzi aliye zamu, na mioyo haifanani, wala muuguzi wa saa kumi alfajiri si yule wa saa nne asubuhi. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, na msimamo wangu ni huu: kuwahudumia wazazi wanaofiwa ni sehemu ya tiba, wala si fadhila ya mtu mwenye huruma. Huduma hiyo huanza siku mtoto anapolazwa. Ikingoja siku ya sanda, imechelewa.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umepata 25. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Maana yake, tumefanikiwa kuwakinga watoto dhidi ya malaria, surua na kuhara, lakini mtoto wa siku tatu bado anatuponyoka kama zamani, na sasa zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wadogo ni vya wachanga. Wengi wao ni njiti, waliochoka wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au waliopata maambukizi kwenye damu. Lengo la dunia ni kufikia 12 ifikapo mwaka 2030. Hata tukilifikia, bado kila siku kutakuwa na wazazi watakaotoka getini mikono mitupu. Kwa hiyo hatuwezi kusema tutashughulika na majonzi yao tukishamaliza kuokoa watoto.

Jambo la kwanza ni huzuni yenyewe. Huanza vipi? Wengi hudhani huanza mtoto anapokata roho. Mimi naiona ikianza saa ileile mtoto anapokimbizwa kutoka chumba cha kujifungulia. Mama aliyefanyiwa upasuaji amelala ghorofa nyingine, dripu mkononi na mpira wa mkojo ubavuni, na mwanawe anamjua kwa kusimuliwa. Baba yuko nje ya geti akingoja saa za kuona wagonjwa. Bibi alishafua khanga za kumpokelea mjukuu, na sasa hajui azikunje au aziache kambani. Kisha huanza siku za kupanda na kushuka: asubuhi wanaambiwa mtoto ameanza kupokea maziwa kwa mpira, jioni wanaambiwa ameacha kupumua mara mbili na amerudishwa kwenye mashine. Mzazi anaomboleza huku anatumaini, na mwili wa binadamu huchoka haraka kubeba vyote viwili.

Ndiyo maana baadhi ya akina mama huanza kujitenga. Anakuja mara moja kwa siku, anasimama mbali na kitanda, hamgusi mtoto, hataki kumpa jina. Wodini mama huyo husemwa kwamba hana upendo. Tafsiri hiyo si sahihi. Anajikinga. Amehesabu kwamba asipomzoea, siku akiondoka hataumia sana. Hesabu hiyo haitoki sawa. Mwaka 1970 madaktari wa Cleveland, Marekani, wakiongozwa na John Kennell, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na akina mama 20 waliofiwa na watoto walioishi kati ya saa moja na siku 12. Kila mama alikuwa ameomboleza, pamoja na wale ambao watoto wao hawakuishi hata siku. Muda aliokaa duniani mtoto haukuwa kipimo cha uchungu. Basi kama uchungu utakuja tu, swali lililobaki kwetu ni kama utamkuta mama ana chochote cha kushika au hana.

Jambo la pili ni hatia. Mama anayefiwa na mtoto mchanga karibu kila mara hujishitaki. Nilibeba ndoo nikiwa na miezi saba. Nilichelewa kwenda kituoni. Nilinywa dawa ile ya kienyeji. Niligombana na wifi yangu. Baba naye hujishitaki kimyakimya kwa pesa ya bodaboda ambayo haikupatikana usiku ule. Hatia hujijenga mahali pasipo na maelezo, na wodini maelezo huwa haba: daktari wa raundi anazungumza na faili, muuguzi anasema subiri daktari. Hata maelezo yakitolewa, mara moja haitoshi, kwa sababu mtu aliyeshtuka hasikii vizuri. Mwambie mama leo kwamba mapafu ya mtoto wa wiki 29 yanakosa utando wa kuyafanya yabaki wazi. Kesho atakuuliza tena kana kwamba hukuwahi kusema. Mjibu upya, kwa sauti ileile. Na pale sababu inapojulikana, mtamkie wazi kwamba kubeba ndoo hakukusababisha maradhi haya. Sentensi hiyo inaweza kumwondolea mtu mzigo wa miaka. Kama kuna kosa lililotokea hospitalini, napo aelezwe ukweli. Kumficha humwachia yeye lawama isiyo yake.

Jambo la tatu ni la mwili, na ndilo tunalolisahau kuliko yote. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikizuia maziwa hushuka, na kati ya siku ya pili na ya tano maziwa hujaa. Mwili hauna habari kwamba mtoto amekufa. Hebu fikiria mama ambaye mwanawe alifariki akiwa na siku mbili. Wanaume wameenda kuzika, yeye amebaki amelala, na alasiri hiyo hiyo matiti yanavimba, yanauma, na gauni la msibani linalowa mbele ya wageni. Kama hakuna aliyemwandaa, ataona mwili wake unamdhihaki. Maelezo yanayomfaa ni machache: avae sidiria inayombana vizuri bila kumuumiza, akande kwa kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu pale maumivu yanapozidi ili asichochee maziwa mengine, anywe dawa ya maumivu, na akipata homa au titi likiwa jekundu arudi hospitali haraka. Maelezo hayo huchukua dakika tano. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuyapata amekatiwa huduma katikati.

Imani potofu zinazotukwamisha

Ya kwanza inasema mama asimwone mtoto aliyekufa, atachanganyikiwa. Jamaa humzuia kwa nia njema kabisa. Na katika koo nyingi mtoto mchanga huzikwa upesi na watu wachache, mama akiwa bado kitandani. Lakini akili ya mtu asiyeona haiachi kuchora, na picha inayoichora mara nyingi inatisha kuliko ukweli. Nimeona mama akifunguliwa khanga, akimtazama mwanawe, kisha akasema, "Kumbe ana masikio ya babu yake." Alilia sana, na kilio kile kilikuwa na mtu wa kuliliwa. Sisemi mama alazimishwe. Wapo wasiotaka, na wana haki yao. Ninachosema ni kwamba aulizwe, aelezwe kabla atakachokiona, ngozi ilivyobadilika rangi na mwili ulivyopoa, na akikataa leo aulizwe tena kabla mwili haujaondoka. Uamuzi uwe wake. Usiwe wa shangazi mlangoni.

Ya pili ni ile faraja iliyozoeleka: "Utapata mwingine." Anayeitamka anakusudia mema, ila madhara yake yana pande mbili. Kwanza, inamwambia mama kwamba huyu aliyekufa anaweza kufidiwa, na hakuna mzazi anayekubali hilo. Pili, inamsukuma kwenye hatari ya kitabibu. Mama asiyenyonyesha anaweza kurudi kwenye uwezo wa kushika mimba ndani ya wiki chache tu baada ya kujifungua, kabla mshono haujapona sawasawa na damu haijarudi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa kuwa mimba za karibu karibu huongeza uwezekano wa kuzaa njiti, jambo lilelile lililomwondoa wa kwanza. Wanandoa wanaokimbilia mtoto wa kuziba pengo wanastahili ushauri wa uzazi wa mpango uliotolewa kwa upole. Kuwahimiza si faraja.

Inayofanana nayo ni kauli anayoambiwa mama wa mapacha aliyepoteza mmoja: "Mshukuru Mungu umebakiwa na huyu." Mama huyo yuko katika hali ngumu kuliko zote wodini. Anapaswa kumzika mmoja na kumkamulia maziwa mwingine siku hiyo hiyo, huku kitanda cha jirani kilichokuwa cha pacha kimeshapewa mtoto wa mtu mwingine. Shukrani yake haifuti kilio chake. Mwacheni afanye yote mawili.

Ya tatu ni kwamba mwanamume hujikaza. Baba ndiye anayesaini makaratasi, anayetafuta sanda na usafiri, anayepiga simu kijijini, na anayeulizwa na kila mtu, "Mama mtoto anaendeleaje?" Yeye haulizwi. Wengine huonekana wagumu na wake zao hudhani hawakumpenda mtoto. Ndoa nyingi huanza kupata ufa hapo, kwa kuwa mmoja analia kwa sauti na mwingine analia kwa kufanya kazi. Wanasaikolojia wa Uholanzi Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi kati ya kuukabili uchungu na kushughulika na maisha. Mume na mke hawaendi na kurudi kwa saa zilezile. Wakielezwa hilo wote wawili, pamoja, kabla ya kuondoka hospitali, huacha kuhukumiana.

Ya nne inatoka kwetu wenyewe wahudumu: kwamba wazazi wakiruhusiwa kukaa wodini wataleta maambukizi na kutuzonga. Jibu la hoja hii lilipatikana kwa sehemu hapa hapa nyumbani. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako hospitali ya Muhimbili ilikuwa mojawapo ya vituo, ulichapishwa mwaka 2021. Njiti wadogo waliobebwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, kwa njia ya kangaruu, kabla hata hali zao hazijatulia, walikuwa na vifo pungufu kwa robo wakilinganishwa na waliotenganishwa na mama zao hadi watulie. Maambukizi nayo yalikuwa machache zaidi. Ili hilo liwezekane, mama aliwekewa kitanda ndani ya wodi ya mtoto, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu wa kangaruu ya mapema kuwa pendekezo rasmi. Mimi naongeza kwamba utaratibu huu una faida nyingine isiyopimwa na utafiti ule. Mtoto anayepona hupona akiwa kifuani kwa mama yake. Anayefariki, mama yake huondoka akijua uzito wake, joto lake na namna alivyokuwa akikunja vidole. Hakuwa mgeni kwa mwanawe.

Iko pia hoja ya dini, kwamba kuomboleza sana ni kukosa imani. Masheikh na wachungaji wanaojua kazi yao hawasemi hivyo. Katika Uislamu mtoto aliyezaliwa akaonyesha dalili ya uhai huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na huitwa kwa jina lake. Katika Kanisa Katoliki mtoto aliye hatarini anaweza kubatizwa na mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, akiwemo muuguzi, kwa maji ya kawaida. Dini zenyewe zinamtambua huyu kuwa mtu kamili. Wodi nayo inatakiwa kuwauliza wazazi mapema wanataka nini kifanyike hali ikibadilika, badala ya kukimbilia kikombe cha maji wakati mapigo ya moyo yameshasimama.

Nini kifanyike

Hospitali haihitaji mashine mpya kwa haya. Inahitaji kwanza mahali: chumba kidogo, hata pazia tu na viti vitatu, ambapo habari mbaya itatolewa watu wakiwa wameketi. Itolewe na daktari au muuguzi anayewajua wazazi, baba na mama wakiwa pamoja inapowezekana, kwa jina la mtoto na kwa neno lisilo na utata: amefariki. Ukisema "hali yake imebadilika" au "tumejitahidi sana", mzazi atabaki akiuliza anaweza kumwona saa ngapi. Ukishasema, nyamaza. Usikimbie ukimya kwa kuongeza maelezo ya dawa mlizompa. Na habari hii isipelekwe kwa jamaa wa nje kwanza kisha ikamfikia mama kwa kunong'onezwa.

Pili, kumbukumbu. Wino wa mhuri upo katika kila ofisi ya hospitali. Unyayo wa mtoto ukigongwa kwenye kadi ngumu, pamoja na utepe wa mkononi na kofia aliyovaa, ni hazina kwa mzazi ambaye hana hata picha moja. Kama wanataka picha, simu zao zinatosha. Wapeni nafasi ya kumwogesha au kumvika wenyewe. Mtoto aliyezaliwa hai, hata kama aliishi saa moja, asajiliwe kuzaliwa kwake na kufa kwake, na familia ielekezwe njia ya kufuata.

Tatu, mama aliyefiwa asirudishwe kulala katikati ya kina mama wanaonyonyesha. Najua wodi zetu zimejaa, wengine wanalala wawili kitanda kimoja. Hata hivyo kitanda cha pembeni, au kwenye wodi ya magonjwa ya wanawake, kinaweza kupatikana, na faili lake liwekewe alama ili zamu inayofuata isije ikamuuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?"

Nne, ufuatiliaji. Mfumo wetu wa kliniki baada ya kujifungua unamfuata mtoto: kadi ni yake, mizani ni yake, chanjo ni zake, na mama hupimwa akiwa amemleta yeye. Mtoto akifa, mama naye hutoweka kwenye mfumo, ingawa shinikizo la damu, kidonda cha upasuaji na sonona havikufa pamoja na mtoto. Apewe tarehe yake mwenyewe ya kurudi ndani ya siku 42, mlango usiokuwa wa kliniki ya watoto, na apigiwe simu na afisa ustawi wa jamii au muuguzi aliyemhudumia. Wengi watapona kwa muda na kwa watu wao. Asiyelala kwa wiki nyingi, asiyekula, anayesikia sauti, au anayesema anataka kumfuata mwanawe, huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili upesi, siyo maombi peke yake wala siyo kukaripiwa.

Tano, kazini. Waajiri wengi, na wafanyakazi wengi zaidi, hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za ziada za likizo ya uzazi yenye malipo, ndani ya mzunguko wa likizo, mtoto wake akifariki kabla ya kutimiza mwaka. Nimesikia mara nyingi akina mama wakiitwa ofisini kwa hoja kwamba "mtoto hayupo tena, unanyonyesha nini?" Hoja hiyo ni ukatili, na haina mashiko kisheria. Baba sheria ilimpa siku nne tu kwa kifo cha mtoto, ambazo kwa anayesafirisha mwili kutoka Dar es Salaam kwenda Kagera huishia njiani. Hapo panahitaji marekebisho. Taasisi ya Doris Mollel imepigania kwa miaka mingi likizo ya wazazi wa njiti na imeonyesha kwamba sheria inaweza kusogezwa watu wakiisukuma. Vyama vya wafanyakazi vichukue na hili la baba anayefiwa.

Mwisho, tusiwasahau wauguzi. Anayemfunika mtoto saa kumi alfajiri anatakiwa saa kumi na nusu awe anamlisha mwingine huku anatabasamu na mama yake. Akifanya hivyo mwaka baada ya mwaka bila pa kutulia, huruma yake hukauka, na ndipo tunapomwita mkali. Wakuu wa wodi watenge hata robo saa baada ya kila kifo, timu ikae, iseme kilichotokea kitabibu na kilichowaumiza. Muuguzi aliyesikilizwa ndiye atakayeweza kusikiliza.

Na wewe msomaji, ambaye huenda wiki hii utakwenda kuwapa pole wazazi wa namna hii: usiwape sababu za kifo, usiwaambie wasahau, usiwaahidi mtoto mwingine. Uliza mtoto aliitwa nani, kisha mtaje kwa jina lake. Peleka chakula kilichopikwa. Mpe pole baba pia, naye kwa jina lake. Rudi tena baada ya mwezi, wakati mkeka wa matanga umeshakunjwa na wengine wote wameondoka, kwa sababu huo ndio wakati watakapokuhitaji zaidi.